Friji ya Mama Kabla ya Ramadhani: Shajara ya Ukarabati, Wete

Jumamosi, 24 Januari

Leo nimeanza. Friji ya mama, ile ya milango miwili yenye friza juu, haipozi tangu Novemba. Juu inagandisha kwa kujikongoja, chini maziwa yanachacha kabla ya siku kwisha. Mama huuza barafu za mifuko, juisi ya ukwaju na ya maembe hapa barazani kwetu Limbani, Wete, kisiwani Pemba, na Ramadhani ikiingia watu humgongea mlango tangu alasiri. Zimebaki wiki tatu na siku chache. Nimemwambia anipe friji yake, nami nitaandika kila ninachokifanya ili mwenye tatizo kama hili apate pa kuanzia.

Kwanza vipimo, maana kusema "haipozi" hakutoshi. Jana usiku niliweka gilasi ya maji kwenye rafu ya kati, kipimajoto ndani yake. Hewa ya friji hubadilika kila mtu anapofungua mlango, ila maji hayabadiliki upesi, ndiyo yanayosema kweli. Asubuhi nimekuta nyuzi 14. Chini panatakiwa pasizidi nyuzi 4. Kule juu kwenye friza nimekuta 9 chini ya sifuri, na panatakiwa 18 chini ya sifuri. Kwa hiyo hata friza ni mgonjwa. Sote tulikuwa tukisema "juu iko sawa" kwa sababu maji yanaganda, lakini maji huganda kwenye sifuri. Barafu peke yake haithibitishi kuwa friza ni nzima.

Halafu nikakaa na mama anieleze tangu mwanzo. Fundi alikuja Novemba, akasema gesi imekwisha. Akaichukua, ikalala kwake siku mbili, akairudisha imejazwa kwa shilingi 80,000. Ikapoza vizuri wiki mbili, ikarudi vilevile. Disemba ikachukuliwa tena, ikajazwa tena, wiki mbili tena. Sasa fundi anasema kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, imechoka.

Nilikuwa nimeshafunga daftari mama aliposema: "Mwanangu, mimi naiona friji hii kama mtu, ikipumzika hupata nafuu. Umeme ukikatika usiku kucha, siku ya pili yake inapoza mpaka unafurahi. Kisha taratibu inarudi kule kule."

Nikalifungua tena daftari nikayaandika maneno hayo kama alivyoyasema. Gesi iliyopungua hairudi kwa sababu umeme umekatika. Gesi ya friji haiunguzwi kama petroli hata iishe. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, miaka na miaka, na ikipungua ujue pana tundu. Kinachobadilika friji inapopumzika usiku kucha ni kimoja: barafu inayeyuka. Na friji hii ilipolala kwa fundi siku mbili ikiwa imezimwa, iliyeyuka vilevile. Nadhani mama alilipia gesi mara mbili, na mara zote mbili kilichomponya mgonjwa ni kule kulala.

Hiyo ni dhana tu kwa sasa. Sitaki kuruka hatua.

Jumapili, 25 Januari

Siku ya mambo mepesi. Nimechomoa plagi kwanza, na nitaendelea kulisema hili kila siku: kabla ya kutia mkono nyuma ya friji, chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi.

Friji ilikuwa imebanwa ukutani kabisa. Mabomba meusi ya nyuma kazi yake ni kutoa nje joto lililokusanywa ndani; ukiyanyima hewa, joto linabaki pale pale na kompresa inafanya kazi mchana na usiku. Nimeisogeza, nimeacha nafasi ya kama kiganja na nusu. Vumbi lililokuwa nyuma si vumbi la kawaida la ndani ya nyumba. Sisi tuko karibu na bandari, upepo wa kaskazi unaleta chumvi, chumvi inavuta unyevu, vumbi linanata kama ugali mkavu. Nimetumia brashi ya rangi iliyo kavu na kitambaa chenye maji kidogo, polepole, kwa sababu chini karibu na kompresa mabomba yameshaanza kutu. Nimeyaangalia yote kwa tochi kutafuta doa la mafuta. Gesi inapovuja hutoka na mafuta ya kompresa, na vumbi hunasa pale likawa doa jeusi lenye utelezi. Sikuona hata moja. Hilo nimelitia kwenye daftari.

Raba ya mlango: nimefunga noti ya elfu moja katikati ya mlango na kuivuta, pembe kwa pembe. Inatakiwa ishike. Pembe ya chini upande wa bawaba noti ilitoka kama imeteleza kwenye sabuni. Nimeosha raba yote kwa maji ya vuguvugu na sabuni, mikunjo imejaa ukwaju uliokauka, kisha nikaikanda pembe ile kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto hadi ikalainika, nikafunga mlango na kuuegemeza kiti kwa saa nzima. Sasa noti inashika.

Umeme nimeupima mara mbili kwenye soketi. Saa tatu asubuhi volti 226, saa mbili usiku volti 201. Mama anakumbuka enzi za mitambo ya dizeli ya Wesha, taa zikififia kila jioni. Tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika mwaka 2010 mambo ni tofauti, lakini jioni kila nyumba ikiwasha pasi na feni volti bado zinashuka. Ubaya wa kwetu ulikuwa mwingine: friji ilichomekwa kwenye ekstensheni nyembamba ya kuchajia simu, pamoja na birika la umeme. Nimeushika waya wake, una joto. Pale mwisho wa ekstensheni, birika likiwa linachemsha, mita ya kupimia umeme ilisoma volti 184. Kompresa inapoanza huvuta umeme mara kadhaa zaidi ya inapokuwa imeshazunguka, na volti zikiwa chini inashindwa kuanza, inaunguruma, inajipasha moto. Nimeiondoa ekstensheni. Friji sasa ina soketi yake peke yake ukutani.

Jumatano, 28 Januari

Chini: nyuzi 11. Friza: 11 chini ya sifuri. Kuna nafuu, lakini si dawa.

Leo nilikuwa Konde kwa shangazi, na friji yake nayo nikaiingiza kwenye shajara, kwani dalili yake wengi wanayo. Ni ya mlango mmoja, ndogo, ya zamani. Taa ya ndani inawaka, lakini haipozi hata kidogo. Ukikaa kimya unaisikia: inaunguruma kwa sekunde chache, "tak", kimya dakika tatu nne, inaunguruma, "tak". Shangazi ameshaambiwa kompresa imekufa.

Ile "tak" ni ovalodi, kifaa kidogo cha kuilinda kompresa. Kompresa inajaribu kuanza, inashindwa, inavuta umeme mwingi, ovalodi inapata joto na kukata. Ikipoa inarudisha. Swali ni kwa nini inashindwa kuanza. Nimechomoa plagi, nimefungua kibati pembeni ya kompresa, nikaichomoa rilei ya kuanzishia, kifaa kidogo kinachoisaidia kompresa kuanza. Nimeitikisa karibu na sikio: inalia ndani kama kayamba. Rilei nzima ya aina hii haina kitu kinachocheza ndani yake.

Kabla ya kufurahi nikapima kompresa yenyewe. Ina pini tatu. Kati ya pini mbili mbili nilipata omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 14, 19 na 33. Namba mbili ndogo zikijumlishwa zinatoa ile kubwa, 14 na 19 ni 33, na ndivyo inavyopaswa. Kisha kutoka kila pini hadi kwenye mwili wa kompresa, pale nilipokwangua rangi kidogo: mita haikusoma kitu, yaani waya wa ndani haujagusa chuma. Kompresa ya shangazi iko hai. Nimempigia binamu yangu Unguja atafute rilei na ovalodi ya namba ile ile. Shangazi anataka kuninunulia kuku. Nimemwambia asubiri kwanza friji iwake.

Ijumaa, 30 Januari

Baada ya sala ya Ijumaa nimeifungua friza ya mama. Vitu vyote nimevihamishia kwa jirani kwenye deli lake la samaki, lile sanduku la kutunzia barafu. Nyuma ya friza, ndani, kuna kifuniko cha plastiki chenye matundu, kinashikwa na skrubu mbili zilizofichwa na vifuniko vidogo. Nilipofungua skrubu kifuniko kiligoma kutoka. Nikakivuta kidogo, nikasikia sauti ya kitu kinachopasuka, nikaacha. Kilikuwa kimegandia kwenye barafu.

Nikachemsha maji, nikaweka bakuli ndani, nikafunga mlango dakika kumi, nikabadilisha maji. Mara ya nne kifuniko kikaachia. Na hapo ndipo ilipokuwa siri yote: ukuta wa barafu, mweupe, mgumu, umeifunika koili ya baridi, yaani bomba lililopindwapindwa linalotengeneza baridi, kutoka chini hadi juu. Mapezi membamba ya aluminiamu hayaonekani hata moja. Feni iko juu yake, na ncha za panga zake zimejichimbia mfereji katika barafu. Nikakumbuka mama alilalamika mwezi uliopita kuwa friji "inakwaruza" usiku.

Hebu nieleze kwa nini hili linaua sehemu ya chini kwanza. Friji ya aina hii ina koili moja tu ya baridi, iliyoko nyuma ya friza. Chini hakuna kinachotengeneza baridi. Feni inapuliza hewa kupitia koili, sehemu kubwa inabaki friza na sehemu ndogo inashushwa chini kwa njia yake. Koili ikifunikwa na barafu hewa haipiti. Friza, kwa kuwa iko jirani, inapata baridi kidogo kwa kugusana. Chini hapapati kitu. Unaona friza inagandisha, chini joto, na mtu anakuambia gesi.

Na kama ingekuwa gesi? Koili ingekuwa na barafu upande mmoja tu, pale gesi inapoingilia, na sehemu nyingine kavu. Ya mama imegandwa sawasawa, pembe zote. Gesi ipo.

Nimeyeyusha yote. Imechukua kuanzia saa tisa hadi magharibi, kwa bakuli za maji ya moto na feni ya mezani mlangoni, bila kisu na bila bisbisi. Watoto wa jirani walitaka kusaidia kwa kijiko, nimewazuia. Bomba lile ni jembamba na laini, tundu moja la ncha ya sindano na gesi yote imekwenda.

Chini ya koili kuna kijifereji na tundu la kutolea maji. Limeziba kwa tope na uzi wa kiroba. Nimepitisha mpira mwembamba wa dripu na maji ya vuguvugu hadi nikasikia maji yakianguka kwenye trei iliyo nyuma juu ya kompresa. Kumbe ndiyo maana mama alikuwa akifuta maji chini ya kabati la mboga kila siku!

Nimeiwasha saa mbili usiku.

Jumamosi, 31 Januari

Asubuhi: chini nyuzi 5, friza 16 chini ya sifuri. Mama amesoma kipimajoto mwenyewe mara tatu.

Nimemwomba asimwambie mtu kuwa friji imepona. Nilichofanya jana ni kile kile alichokifanya fundi bila kujua, na kinachotokea umeme unapokatika. Barafu itarudi. Kila friji ya namna hii hutengeneza barafu kwenye koili, kwa kuwa kila tunapofungua mlango unyevu unaingia, na kwetu hapa msimu huu hewa yenyewe ni maji matupu. Lakini friji ina namna ya kujiyeyusha: baada ya saa kadhaa za kufanya kazi, taima, saa ndogo ya kupanga muda, huizima kompresa na kuiwasha hita iliyo chini ya koili. Katikati ya njia ya umeme wa hita pana baimetali, swichi ndogo ya mviringo iliyobanwa kwenye bomba la koili. Ikiwa baridi kali inaunganisha, hita inawaka; barafu ikishayeyuka na bomba likipata joto, inakata. Pembeni yake pana fyuzi ya joto, mlinzi wa mwisho hita ikigoma kuzimika.

Vitu vinne basi, na mmoja wao ndiye mkosaji.

Taima: nimezungusha kitufe chake kwa bisbisi polepole hadi "tik". Kompresa na feni vikanyamaza. Nimengoja dakika ishirini, kisha friji ikaanza tena yenyewe. Taima inabadilisha na inatembea.

Plagi nje. Hita: omu 355. Kwa umeme wa volti 230 hiyo ni hita ya kama wati 150, sawa kabisa na ilivyoandikwa kwenye kibandiko. Hita nzima. Fyuzi: mita inasoma omu sifuri, yaani umeme unapita. Baimetali: mita haisomi chochote, yaani njia imekatika.

Hapa watu wengi hufunga kazi na kukimbilia dukani. Lakini mimi nilikuwa nimeshaitoa nje, iko mkononi mwangu yenye joto la chumba, na baimetali yenye joto inatakiwa iwe imekata. Kutosoma kitu katika hali hiyo ni afya yake. Lazima ipimwe ikiwa baridi.

Jumapili, 1 Februari

Nimeifanya mahakama ya baimetali uani, chini ya mwembe.

Mifuko mitatu ya barafu za mama, nimeitwanga kwenye kinu hadi ikawa chenga chenga. Nimeimimina ndani ya beseni, nikachanganya na chumvi, kadiri ya kikombe kimoja cha chumvi kwa vikombe vitatu vya barafu. Barafu peke yake haishuki chini ya sifuri ikiwa inayeyuka, lakini ukiitia chumvi inashuka mbali. Wavuvi wenye madeli wanalijua hili. Kipimajoto kikaanza kuteremka mbele ya macho yetu: sifuri, 5 chini, 9 chini, kikasimama kwenye 13. Nje ya beseni ukungu ukageuka utando mweupe, ukiugusa unanata kidoleni.

Nimeifunga baimetali kwenye mfuko wa plastiki ili isiingie maji ya chumvi, nyaya zake mbili ziko nje, nikaizika katikati ya beseni. Mita nimeiweka kwenye hali ya kutoa mlio, ili isikike njia ikiunganika. Dakika tano, kimya. Dakika kumi, kimya. Dakika ishirini, kimya, na barafu ya kuongeza ikaenda.

Sikutaka kuihukumu kwa shahidi mmoja. Juzi nilipita kwenye karakana moja ya vyuma chakavu na kuomba baimetali ya friji iliyokufa kwa ajali ya kudondoka. Hiyo nayo nikaizika beseni lile lile. Haikufika dakika nne: nikasikia "tik" ndogo ndani ya plastiki, na mita ikalia. Nikaitoa, nikaikumbatia kiganjani, baada ya muda "tik" nyingine, mita ikanyamaza. Nikairudisha, ikalia tena. Mama akataka kuijaribu mwenyewe, akaizika kwa mkono wake.

Basi mkosaji amepatikana. Baimetali ya friji yetu imekufa ikiwa imekata. Taima ilikuwa ikiita hita kila siku, hita iko tayari, na mlango katikati haufunguki.

Ile ya chakavu sitaitumia. Kiwango chake cha joto ni tofauti na chetu, nimekiona kwenye maandishi ya ubavuni. Nimemtumia binamu picha ya yetu.

Alhamisi, 5 Februari

Mzigo umefika na boti ya Mkoani, nikaupokea stendi Wete kutoka kwa dereva wa gari ya abiria. Baimetali pamoja na fyuzi mpya shilingi 14,000. Rilei na ovalodi ya shangazi 9,000.

Nimeifunga jioni hii hii. Mambo mawili yanastahili kusemwa. La kwanza, irudishwe mahali pake hasa, juu kwenye bomba la koili pale ilipokuwa, ibane kwa klipu yake. Ukiiweka popote tu itakata mapema na kuacha barafu nusu. La pili, viungo vya nyaya vitakuwa vikilowa na kuganda kila siku ya maisha yake. Tepu nyeusi peke yake haitoshi. Nimeunga, nimepaka silikoni, nimevalisha mpira wa kusinyaa kwa joto, na nyaya nimeziinamisha ili maji yatiririke kutoka kwenye kiungo yasikusanyike.

Jumapili, 8 Februari

Nilikuwa nikiisubiri siku hii. Siku tatu za kufungua na kufunga mlango zimetosha kuweka utando wa barafu kwenye koili. Nimetoa kifuniko nione kwa macho, nikasogeza taima hadi "tik". Dakika ya pili harufu ya vumbi lililopata joto. Dakika ya nne tone la kwanza. Kisha matone yakafuatana, na nyuma ya friji nikasikia maji yakiingia kwenye trei, "to, to, to". Dakika ya kumi na saba baimetali ikakata yenyewe. Hita ikaanza kupoa, koili ni kavu, mapezi yote yanang'aa.

Nimekaa nikiangalia trei kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Trei ile imewekwa juu ya kompresa ili joto lake likaushe maji. Mtu aliyelifikiria hilo alikuwa na akili sana.

Kwa shangazi nimepita jana. Rilei mpya imeingia, kompresa imeanza mara ya kwanza bila "tak". Kuku nimekula.

Jumatano, 11 Februari

Jirani yetu wa nyuma, muuza samaki, ameniita. Friji yake ya mlango mmoja imeacha kugandisha ghafla, mchana. Nimeuliza ilikuwaje. Alikuwa anabandua jodari aliyegandia, akatumia kisu, akasikia "fsss".

Hii sasa ndiyo gesi. Dalili ziko wazi: kompresa inazunguka bila kupumzika, mabomba ya nyuma ni baridi yasiyo na joto lolote, na kwenye bati la friza pana tundu dogo lenye unyevu wa mafuta pembeni. Kibandiko cha kompresa kimeandikwa R600a, gramu 42. R600a ni isobutani (isobutane), jamaa wa karibu wa gesi ya kupikia, inawaka. Nimefungua madirisha, nimechomoa plagi, nikamwomba asiwashe jiko humo ndani kwa sasa.

Mimi hapa nimeishia. Kazi hii inataka fundi mwenye pampu ya kunyonya hewa na mizani ya gramu, kwa kuwa gramu 42 hazikadiriwi kwa sikio, na asiyetia moto kwenye bomba ambalo bado lina gesi ya kuwaka. Na aanze kwa kuziba tundu. Nimemwandikia jirani maswali matatu ya kumuuliza fundi kabla ya kumpa friji: tundu utaliziba kwa nini, gesi utakayoweka ni ya namba gani, utaipima kwa gramu ngapi. Fundi anayeijua kazi yake hatakereka kwa maswali hayo. Jirani anasema yule wa kwanza aliyempigia alikasirika, wa pili alijibu yote. Amekwenda kwa wa pili.

Jumamosi, 14 Februari

Usiku wa juzi umeme ulikatika tangu saa nne hadi alfajiri. Mama alitaka kufungua aangalie, nikamwomba mlango usiguswe: chini hushikilia baridi kwa muda wa saa nne hivi, friza iliyojaa vizuri hukaribia siku mbili, na kila kufungua kunapunguza. Alfajiri barafu zote zilikuwa ngumu. Umeme uliporudi taa zilimulika kwa nguvu, zikafifia, zikamulika tena. Kifaa cha kulinda friji nilichokifunga wiki hii kiliisubirisha dakika tatu kabla ya kuiruhusu. Muda huo una kazi mbili: volti zitulie, na shinikizo ndani ya mabomba lisawazike, kwa kuwa kompresa iliyozimwa sasa hivi ikiwashwa papo hapo inasukuma dhidi ya mzigo na huenda ikashindwa. Asiye na kifaa hiki achomoe plagi umeme ukikatika, aichomeke dakika tano baada ya kurudi.

Wiki mbili zimetimia tangu niyeyushe, muda ule ule ambao zamani friji ilikuwa ikirudi kuumwa. Vipimo vya asubuhi ya leo: chini nyuzi 4, friza 18 chini ya sifuri. Nimetoa kifuniko cha friza kwa mara ya mwisho, koili ina utando mwembamba tu kama unga wa muhogo. Nimefunga skrubu zote mbili na vifuniko vyake.

Mama ameshatia mifuko arubaini ya barafu na ndoo mbili za ukwaju. Nimemwomba siku nyingine ndoo aziache kwanza zipoe nje kabla ya kuzitia, na asizibane na tundu la hewa kule nyuma. Ndoo moja ameisogeza. Ya pili amesema ataisogeza baada ya kusali.